Ajali Ilikuwa na Kinga

Fomu yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja. Jina, umri, tarehe, saa, halafu mistari miwili mitupu chini ya maneno "Maelezo ya ajali". Kwenye mistari hiyo msimamizi wa zamu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: "Mkono wa kulia uliingia kwenye mashine. Uzembe wa mfanyakazi." Basi. Vidole vitatu vya mtu, na riziki iliyokuwa ikitegemea vidole hivyo, vilikuwa vimekwisha kwa maneno tisa.

Fomu ile nimeifuta majina na huanza nayo kila ninapofundisha sheria ya fidia kwa walioumia kazini na barabarani. Nawauliza wanafunzi: mtenda katika sentensi ya kwanza ni nani? Ni mkono. Mkono ndio ulioingia, kama vile uliingia kwa hiari yake. Aliyewasha mashine hayumo, aliyepanga zamu hayumo, aliyesema mzigo lazima uishe leo hayumo. Binadamu anatokea kwenye sentensi ya pili tu, na binadamu huyo ni yule yule aliyelazwa hospitali.

Lugha yetu nayo ina mchango wake. Tunasema mtu "amepata ajali", kama anavyopata homa. Tunasema "ajali haina kinga". Methali hiyo naiheshimu inaposemwa msibani, kwa sababu pale kazi yake ni kumwondolea mfiwa mzigo wa kujilaumu. Ikiingia ofisini inageuka kuwa utetezi wa mdaiwa, na mwanafunzi wa sheria asiyeona tofauti hiyo atamaliza masomo yake akiwa upande wa fomu.

Hoja yangu ni kwamba somo hili linafundishwa kinyumenyume. Wanafunzi wengi huanza na swali la nani amekosea, wanapitia wajibu wa uangalifu, uvunjaji wa wajibu, uhusiano wa kosa na madhara, na mwishoni kabisa, muhula umekaribia kwisha, ndipo wanakutana na mtu aliyeumia, tena akiwa tayari ni hesabu. Ajali za kazini wanazisoma kwenye sheria ya kazi, za barabarani kwenye sheria ya madhara na bima, za ndege kwenye sheria ya kimataifa. Mguu uliovunjika ni mmoja, lakini umegawanywa madaftari matatu. Afadhali kuanza na mguu.

Historia inaniunga mkono, maana sheria nayo ilianza kwa kumtazama mkosaji, na ilichukua karibu karne nzima kugeuza shingo. Chukua shauri la Priestley dhidi ya Fowler, Uingereza, 1837. Kijana Charles Priestley alikuwa ameajiriwa na mwenye bucha. Alipandishwa kwenye gari la kukokotwa na farasi lililojazwa mzigo kupita kiasi, gari likavunjika, na paja lake likavunjika nalo. Wazee wa baraza walimpa pauni 100. Mahakama ya juu ikamnyang'anya. Jaji Lord Abinger aliona kwamba mlango huo ukifunguliwa, madai yatafika mbali mno: kila mtumishi ataweza kumshitaki bwana wake kwa kosa la mtumishi mwingine. Tena, alisema, mfanyakazi halazimiki kupanda gari analoona ni la hatari.

Naomba msomaji atulie hapo kidogo. Shauri ambalo vitabu vinalitaja kama chimbuko la sheria ya ajali kazini ni shauri la gari lililovunjika njiani. Kijana alikuwa kazini na alikuwa safarini, kwa wakati mmoja. Tangu siku ya kwanza mambo haya mawili yalikuwa jambo moja, ila sisi tunaofundisha ndio tumeyatenganisha.

Miaka mitano baadaye, Massachusetts, Marekani, hoja ile ikapewa mavazi ya kiuchumi. Nicholas Farwell alikuwa dereva wa treni. Mwenzake aliyekuwa na kazi ya kubadilisha njia za reli aliiacha njia vibaya, treni ikatoka relini, na Farwell akapoteza mkono wa kulia. Mwaka 1842 Jaji Mkuu Lemuel Shaw aliamua kwamba mshahara wake wa dola 2 kwa siku ulikuwa tayari umebeba bei ya hatari. Kwa maneno mengine, mkono ule ulikwisha kulipwa kabla haujakatika. Hoja hii inavutia darasani kwa sababu imenyooka. Kasoro yake ni kwamba inamfikiria mtu aliyekaa mezani na mwajiri wakapatana bei ya kila hatari, na hakuna dereva wa treni aliyewahi kukaa meza hiyo.

Kanuni hiyo ya mfanyakazi mwenza, kwamba mwajiri hawajibiki mfanyakazi mmoja akimwumiza mwingine, ilipata ndugu wawili: kwamba aliyeijua hatari ameikubali, na kwamba aliyechangia kuumia kwake, hata kidogo, hapati kitu. Zote tatu zikikutana, mlango unafungwa. Wanafunzi wangu hushangaa kwamba mahakama ziliweza kuishi na kanuni hizi kwa miaka mingi hivyo. Mimi hushangazwa zaidi na jinsi zinavyoendelea kuishi nje ya mahakama. Sentensi ya pili ya ile fomu, "Uzembe wa mfanyakazi", ni ndugu wa tatu huyo huyo, ameandikwa na mtu ambaye huenda hajawahi kusikia shauri lolote la karne ya 19.

Abiria nao walikuwa na maumivu yao. Mwaka 1808, katika Baker dhidi ya Bolton, gari la abiria lilipinduka. Mume akapata michubuko, mke akaumia vibaya na kufa baada ya mwezi hivi. Mume alilipwa kwa michubuko yake na kwa kumkosa mkewe mpaka siku alipofariki. Baada ya hapo, hakuna kitu. Lord Ellenborough alisema kwamba mahakama ya madai haiwezi kuhesabu kifo cha mtu kuwa ni madhara. Matokeo yake yanatisha hata leo: ilikuwa nafuu kwa mwenye chombo abiria afe kuliko abaki kilema. Ilibidi reli zienee na maiti za ajali ziongezeke ndipo Bunge la Uingereza, mwaka 1846, lilipotunga sheria ya kuwapa wategemezi wa marehemu haki ya kudai.

Mageuzi makubwa yalikuja pale sheria ilipoacha kuuliza nani amekosea na kuanza kuuliza nani abebe hasara. Ujerumani ya kansela Bismarck ilitunga sheria ya bima ya ajali mwaka 1884, Uingereza ikafuata 1897, Ufaransa 1898. Sheria ya Uingereza ilimpa aliyeumia nusu ya mshahara wake, isiyozidi pauni moja kwa wiki, bila kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Kiasi ni kidogo. Lakini fikiria mke wa mchimba makaa aliyekuwa hawezi kumlipa wakili. Kwake, pauni moja ya hakika ilizidi pauni mia za kuota.

Huo ndio uliokuja kuitwa mwafaka mkuu: mfanyakazi anaacha haki ya kudai fidia kamili mahakamani, mwajiri anaacha haki ya kujitetea kwamba hakukosea. Marekani waliupinga kwanza. Tarehe 24 Machi 1911, Mahakama ya Rufaa ya New York, katika shauri la Ives, ilibatilisha sheria ya fidia ya jimbo hilo, ikisema kumtoza mwajiri asiye na kosa ni kumpora mali yake. Kesho yake, tarehe 25, kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York kiliwaka moto. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa. Wenye kiwanda walishitakiwa kwa jinai wakaachiwa. Mwaka 1914 madai ya vifo yalimalizwa kwa dola 75 kwa kila marehemu. Kwa yeyote anayetaka kujua mfumo wa kutafuta mkosaji unavyofanya kazi mwenye nguvu anapokuwa na mawakili wazuri, siku mbili hizo zinatosha. New York ilibadilisha katiba yake, ikatunga sheria mpya, na mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikubali.

Siusifu mwafaka huu bila masharti. Katika mifumo mingi malipo ya ajali kazini hayana fungu la maumivu wala la furaha iliyopotea. Yanahesabu mshahara na matibabu tu. Mwajiri aliyeacha mtambo mbovu kwa makusudi analipia sawa na yule aliyefanya kila awezalo, isipokuwa pale sheria ilipoacha dirisha la uzembe uliokithiri. Hilo ni deni ambalo sheria bado haijalilipa.

Halafu kuna mipaka, na hapa ndipo wanafunzi hufurahia somo bila kutambua kwamba wanacheza na maisha ya watu. Sheria ya 1897 ilitaka ajali iwe imetokana na kazi na imetokea katika kazi. Masharti mawili, maneno machache, mashauri yasiyohesabika. Je, njia ya kwenda kazini ni kazi? Ujerumani imekuwa ikiifidia ajali ya njiani tangu 1925, ila ukikatiza kwenda kwenye shughuli zako, kinga inakatika hapo hapo. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la 1964, lilishauri njia ya moja kwa moja kati ya kazini na nyumbani ihesabiwe. Tarehe 8 Desemba 2021 mahakama ya juu ya mambo ya hifadhi ya jamii ya Ujerumani iliamua kuhusu mtu aliyetoka kitandani asubuhi akashuka ngazi za mzunguko kwenda kwenye meza yake ya kazi, ghorofa ya chini ya nyumba yake mwenyewe, akateleza akavunjika uti wa mgongo. Ilisema alikuwa kazini. Ngazi zile zilikuwa njia ya kazi kwa sababu alizishuka kwa lengo la kuanza kazi. Kwa hatua hizo chache za ngazi, mwanafunzi anajifunza kanuni kuliko kwa sura nzima: kinachopimwa ni lengo la mwendo, mahali ni ushahidi tu.

Upande wa anga, swali hilo hilo linavaa neno "ajali". Mkataba wa Montreal wa 1999, kama ule wa Warsaw wa 1929 kabla yake, unamfidia abiria aliyeumia kwa ajali ndani ya ndege au wakati wa kupanda na kushuka. Bi Saks alisafiri kutoka Paris kwenda Los Angeles, ndege ikashuka kawaida, na yeye akabaki kiziwi wa sikio la kushoto. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hiyo si ajali, kwa sababu ajali ni tukio lisilotarajiwa na lililo nje ya mwili wa abiria mwenyewe, na mgandamizo wa hewa ndani ya ndege, aliodai ndio uliomwumiza, ulikuwa wa kawaida. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kikombe cha kahawa ya moto kilichomwagikia mtoto ndani ya ndege ni ajali, hata kama hakuna anayejua kilianguka kwa nini. Kiziwi hakupata, aliyeungua alipata. Ukisoma mashauri haya mawili kwa pamoja unaona kwamba "ajali" haimo kwenye maumivu. Imo kwenye namna sheria ilivyochagua kuyaelekeza maumivu.

Sasa rudi barabarani, kwa zoezi ambalo huwa nalitoa wiki ya pili. Lori la mizigo limesimama taa nyekundu. Basi linaligonga kwa nyuma, lori linasukumwa mbele, linampiga mwenda kwa miguu aliyekuwa akivuka. Watu wanne wamevunjika mguu, mfupa ule ule, na muda wa kupona ni ule ule: dereva wa lori, utingo wake, abiria mmoja wa basi, na yule aliyekuwa akivuka.

Dereva wa lori ni mwajiriwa. Ana mlango wa fidia ya kazi, hahitaji kuthibitisha kosa la mtu, lakini maumivu yake hayana bei humo. Ana mlango wa pili: kumdai mwenye basi, kwa njia ya bima ya mtu wa tatu, na huko maumivu yana bei. Akipita yote miwili, aliyemlipa kwanza atataka kurudishiwa chake. Utingo analipwa na dereva, safari kwa safari, mkononi. Je, ni mwajiriwa wa mwenye lori, ni kibarua wa dereva, au si wa mtu? Hana karatasi hata moja. Abiria wa basi alikata tiketi, kwa hiyo ana mkataba wa usafiri na ana bima. Mwenda kwa miguu, kwenye nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza, kwa kawaida ataanza kutafuta uzembe na mashahidi. Ufaransa, chini ya sheria ya tarehe 5 Julai 1985, asingeulizwa habari za uzembe wa dereva, na kama ana miaka chini ya 16 au zaidi ya 70, hata uzembe wake mwenyewe usingetazamwa, ilimradi hakutaka kujidhuru kwa makusudi.

Miguu minne, bei nne. Kila mwaka wapo wanafunzi wanaotoa majibu safi juu ya dereva na abiria, na wakifika kwa utingo wanaandika mstari mmoja. Utingo ndiye mtihani wenyewe. Leo yumo pia kwenye sura nyingine: mwendesha pikipiki anayepokea safari kwenye programu ya simu na kuambiwa kwamba yeye ni mshirika wa biashara. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Uber dhidi ya Aslam, ilikataa kutazama maandishi ya mkataba peke yake, ikatazama nani anapanga nauli na nani anamwadhibu dereva anayekataa safari. Shauri lile lilihusu ujira na likizo, lakini njia yake ya kutazama ndiyo inayohitajika kwa utingo na kwa kila anayeumia akiwa hana karatasi.

Na milango yote ina saa. Mkataba wa Montreal unatoa miaka miwili ya kufungua madai, ikipita hakuna cha kusamehewa. Taarifa ya ajali kazini katika nchi nyingi inahesabiwa kwa siku au miezi. Nimewahi kupokea jalada lililokuwa na ushahidi wote, picha, mashahidi, vyeti vya daktari, limechelewa. Mtu alikuwa amengoja apone kwanza. Ni busara ya kawaida kabisa, nyumbani kila mtu angemshauri hivyo.

Magonjwa ndiyo yanayoziumbua saa hizo. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu za kazi, na kati yao milioni 2.6 ni kwa magonjwa. Ajali zenyewe ni kama 330,000. Ugonjwa hauna saa wala shahidi, na fomu yenye mistari miwili haina mahali pa kuuandika. Mwaka 2002, katika shauri la Fairchild, mahakama ya juu ya Uingereza ilikutana na wafanyakazi waliopata saratani ya asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi, baada ya kufanya kazi kwa waajiri mbalimbali, na sayansi haikuweza kusema nyuzi za mwajiri yupi ndizo zilizoua. Waajiri walisema: basi hakuna aliyethibitishwa. Mahakama ikakataa, ikaona kwamba kuongeza hatari kunatosha.

Kuhusu kipimo, kanuni inayonukuliwa kila mara ni ya Lord Blackburn, 1880: fedha inayomrudisha aliyedhurika pale alipokuwa kabla ya kudhurika. Shauri lenyewe, Livingstone dhidi ya Rawyards, lilihusu makaa ya mawe yaliyochimbwa chini ya ardhi ya mtu. Makaa yana bei sokoni, mkono hauna. Watu walilijua hilo zamani na wakapanga bei kwa jedwali. Sheria za mfalme Æthelberht wa Kent, huko Uingereza, za karne ya 7 mwanzoni, zinataja shilingi 20 kwa kidole gumba, 3 kwa ukucha wake, 11 kwa kidole cha mwisho. Majedwali ya leo ya ulemavu yanatumia asilimia, lakini yamebaki na fikra ile ile, kwamba kidole ni kidole. Kidole cha shahada cha fundi cherehani na cha mlinzi wa getini vinapata asilimia ile ile. Natambua faida yake: jedwali halina upendeleo, halihitaji wakili, na malipo yanatoka mapema. Ila wakili anayemwakilisha fundi cherehani lazima ajue kama sheria anayoitumia inaruhusu kutazama kazi ya mtu juu ya asilimia, na wanafunzi wengi wanamaliza kozi bila kuuliza swali hilo.

Tena kuna suala la kulipa kwa mkupuo au kidogo kidogo. Mkataba namba 17 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1925, uliweka malipo ya vipindi kuwa kanuni kwa ulemavu wa kudumu na kifo, na mkupuo pale tu mamlaka inaporidhika kwamba fedha itatumika vizuri. Wapo wanaoona hilo ni kumdharau aliyeumia. Mimi naliunga mkono, kwa sababu mkupuo unafika siku ambayo madeni yote yamekusanyika mlangoni, na ulemavu unabaki baada ya siku hiyo.

New Zealand ilifanya ambalo wengine wameliogopa. Kuanzia tarehe 1 Aprili 1974 iliunganisha yote, kazini, barabarani, nyumbani, ikaondoa haki ya kushitaki kwa ajili ya kufidiwa majeraha ya mwili na badala yake ikaweka mfuko mmoja. Utingo huko haulizwi yeye ni wa nani ndipo atibiwe. Ugonjwa usiotokana na ajali wala kazi umebaki nje, na hilo ni pengo zito, lakini mwanafunzi anayelisoma somo hili bila kuujua mfumo huo hataelewa kwamba milango minne ya zoezi langu ni uamuzi wa watu, na uamuzi hubadilishwa.

Ile fomu nilisema huanza nayo. Mara nyingi darasa linaanza kubishana kama mfanyakazi alikuwa mzembe au la. Mwaka mmoja binti aliyekaa nyuma, aliyekuwa hajasema neno tangu muhula uanze, alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kinga ya mashine ilikuwa wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kuliuliza nilipokuwa na jalada la fomu ile mikononi. Jibu lilikuwa kwenye daftari la matengenezo, kurasa chache kabla ya tarehe ya ajali: kinga imefunguliwa ili mashine isafishwe haraka kila mzigo unapokwama, irudishwe baadaye. Hapakuwa na ingizo jingine linaloonyesha kwamba ilirudishwa. Tulipofika kiwandani tuliikuta nyuma ya mlango wa stoo, imeegeshwa ukutani, na boliti zake nne zimefungwa pamoja kwa waya ili zisipotee.